Kufumba na Kufumbua: Historia Fupi ya Kufuli la Mtandao

Watunzi wenye kurasa zao mtandaoni wamekuwa wakiulizana swali moja kwa miaka kadhaa sasa. Shairi hutungwa lisomwe na kila mtu. Halina siri ndani yake, wala halina fedha. Kwa nini basi ukurasa wa mashairi uwekewe kufuli lile lile linalowekwa kwenye milango ya benki? Herufi moja tu imeongezwa mwanzoni mwa anwani, HTTP ikawa HTTPS, na herufi hiyo imewagharimu wengi muda na usumbufu bila ya wao kuiona faida yake.

Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika historia. Anayeifuata historia hiyo tangu mwanzo ataona kwamba kufuli la mtandao halikuundwa kwa ajili ya kuficha peke yake. Linafanya kazi tatu: linalificha neno lisisomwe njiani, linalilinda lisibadilishwe njiani, na linamthibitishia msomaji kuwa mlango aliobisha ndio aliokusudia. Kwa mwenye benki, kazi ya kwanza ndiyo kubwa. Kwa mtunzi, ya pili na ya tatu zina uzito zaidi, na ndizo zinazosahauliwa.

Fumbo kabla ya ufunguo

Tuanze nyumbani, katika lugha yenyewe. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo kwa sauti moja tu huligeuza tendo lirudi lilikotoka: kunja na kunjua, ziba na zibua, funga na fungua, fumba na fumbua. Mtu hufumba macho, hufumba mkono, na hufumba maneno. Kutokana na kitenzi hicho tumepata fumbo, na kutokana na kufungua tumepata ufunguo. Leo wanaistilahi wanatumia «usimbaji fiche» kwa kazi ya kuligeuza andishi lisisomeke ila kwa aliyeruhusiwa, lakini wazo lenyewe si geni kwetu. Wahenga walikwisha kusema kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Ndani ya methali hiyo mna onyo ambalo wataalamu wa fani hii walihitaji karne nyingi kulikubali: fumbo linalotegemea ujinga wa msikilizaji halina maisha marefu.

Pwani yetu iliwahi kuwa na fumbo la namna hiyo. Askofu Edward Steere, aliyeandika sarufi ya Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19, alirekodi mifano ya kinyume, yaani mazungumzo ambayo silabi ya mwisho ya neno huchukuliwa na kutangulizwa mbele. Shairi huwa «rishai», lugha huwa «ghalu», siri huwa «risi». Asiyejua husikia kelele tupu. Lakini akishaambiwa kanuni mara moja, hakuna tena neno litakalompita. Siri yote ya kinyume imo katika kanuni yake, na kanuni ikivuja hakibaki kitu.

Ipo pia njia nyingine, ya kuficha bila kufumba. Katika kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitia katika utendi mwaka 1913, shujaa akiwa kifungoni alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake. Mama akaoka mkate wa wishwa na kuitia tupa ndani yake. Walinzi, waliozoea kujitwalia vyakula vizuri, wakauacha mkate mbaya umfikie mfungwa, naye akaikatia tupa minyororo yake. Tupa ile haikufumbwa, ilifichwa. Usalama wake ulikuwa katika walinzi kutojua kwamba ipo. Andishi lililosimbwa lina hali nyingine kabisa: kila mtu analiona likipita, ila halisomeki.

Aliyeonyesha jinsi mafumbo mepesi yanavyovunjwa alikuwa mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9. Aligundua kwamba kila lugha ina herufi zake zinazojirudia kuliko nyingine, na kwamba ukibadilisha sura ya herufi hubadilishi idadi yake. Mwenye kutaka kulijaribu jambo hili kwa Kiswahili achukue ubeti wowote ahesabu herufi. Mara nyingi atakuta «a» imezipita nyingine kwa mbali. Hata kama kila «a» imeandikwa kwa alama ya kigeni, wingi wa alama hiyo utaisaliti.

Katika zama zizo hizo neno moja lilianza safari linalostahili kukumbukwa na wapenzi wa lugha. Wanahisabati wa Kiarabu waliiita tarakimu ya mahali patupu «sifr», yaani tupu. Sisi tumelipokea neno hilo kuwa sifuri, likabaki na maana yake ya awali. Wazungu walilipokea kupitia Kilatini cha zama za kati. Kwa kuwa tarakimu hizo mpya zilikuwa ngeni kwa wengi wao, neno likapanuka, likawa jina la tarakimu yoyote, kisha likawa jina la maandishi ya siri. Kifaransa kinasema «chiffre» hadi leo kwa maana zote mbili. Sifuri yetu na fumbo lao ni ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1883 mwanaisimu Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Kijerumani huko Paris, alichapisha katika jarida la kijeshi kanuni iliyobaki kuwa nguzo ya fani hii. Alisema kwamba mfumo mzuri ni ule usiodhurika hata ukiangukia mikononi mwa adui. Kitu pekee kinachopaswa kuwa siri ni ufunguo. Hapo ndipo kinyume na ndugu zake walipokosa. Fundi wa makufuli anaweza kumwonyesha mwizi jinsi kufuli linavyofanya kazi, na bado mwizi asiye na ufunguo hatafungua.

Kufuli lililo wazi

Kanuni ya Kerckhoffs iliacha tatizo moja kubwa. Ikiwa watu wawili wanataka kuandikiana kwa siri, ni lazima kwanza wapeane ufunguo. Watapeanaje ikiwa kila njia kati yao inasikilizwa? Serikali zilitumia wajumbe na mikoba iliyofungwa. Mtu wa kawaida hakuwa na njia.

Ufumbuzi ulichapishwa mwaka 1976 na Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman. Walionyesha kwamba watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kutumiana tarakimu hadharani, masikioni mwa watu wote, na mwishowe kila mmoja akapata namba ile ile ya siri ambayo msikilizaji hawezi kuipata. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni mfumo wa funguo mbili, mmoja wa wazi na mmoja wa siri. Baadaye, mwaka 1997, ilikuja kujulikana kuwa wanahisabati wa idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Uingereza, James Ellis, Clifford Cocks na Malcolm Williamson, walikuwa wamefikia mawazo hayo hayo miaka michache kabla, lakini walikatazwa kusema.

Lugha yetu inalieleza jambo hili kwa tabu kidogo, kwa sababu ufunguo kwetu ni kitu cha kufungulia, na huu uitwao ufunguo wa wazi, katika kazi ya kuficha, unafunga tu. Afadhali tuufikirie kuwa ni kufuli lililo wazi. Mtu hutengeneza makufuli mengi ya namna moja na kuyagawa kwa kila apitaye. Yeyote anaweza kutia barua sandukuni na kulibana kufuli mpaka lisikike. Baada ya hapo hata aliyelibana hawezi kulifungua. Anayeweza ni mmoja tu, mwenye ufunguo uliobaki nyumbani.

Mtandao uliozaliwa wazi

Tim Berners-Lee alipoandika pendekezo lake huko CERN mwaka 1989, na wavuti ulipoanza kutumiwa na umma mwaka 1991, haja ilikuwa wanasayansi wasomeane maandishi kwa urahisi. Hakukuwa na kufuli. Ukurasa uliposafiri kutoka seva hadi kwa msomaji ulipita katika mashine nyingi za watu wengine, na kila mashine iliweza kuusoma kama postikadi inavyosomeka mikononi mwa kila anayeibeba. Iliweza pia kuongeza neno au kulifuta, na msomaji asijue.

Kilicholeta kufuli ni biashara. Kampuni ya Netscape, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilitaka watu wanunue vitu kupitia kivinjari chake bila kuogopa kuibiwa namba za kadi zao. Ikaunda itifaki iliyoitwa SSL. Toleo la kwanza halikutolewa kwa umma. La pili lilitoka mwaka 1995 na la tatu mwaka 1996. Mwanasayansi mkuu wa kampuni katika miaka hiyo alikuwa Taher Elgamal, mzaliwa wa Misri, ambaye wengi humwita baba wa SSL. Itifaki hiyo ilikabidhiwa jumuiya ya wahandisi wa intaneti, na mwaka 1999 ikatolewa kwa jina la TLS, ambalo ndilo linalotumika sasa ingawa wengi bado wanaita SSL.

Kufuli hilo la mwanzo lilikuwa na kasoro ya kisiasa. Sheria za Marekani ziliyahesabu makufuli imara kuwa silaha zisizoruhusiwa kusafirishwa ovyo, kwa hiyo vivinjari vilivyotumwa nje ya nchi vilipewa ufunguo wa biti 40 tu. Mwaka 1995 Mfaransa Damien Doligez, kwa kuziunganisha kompyuta za mahali alipofanya kazi na nyinginezo, aliuvunja ufunguo mmoja wa namna hiyo kwa takribani siku 8. Hivyo wasomaji wa nchi nyingine, Afrika Mashariki ikiwamo, walikuwa wakikabidhiwa kufuli la bati huku wakiambiwa ni la chuma. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2000.

Hata baada ya hapo kufuli lilibaki kuwa mali ya wenye uwezo. Ili kivinjari kikubali kuwa seva ni yenyewe, mwenye tovuti alihitaji cheti kilichotiwa saini na mamlaka inayoaminika, na cheti hicho kilinunuliwa na kulipiwa tena kila kilipokwisha muda. Kukipata, kukiweka na kukihuisha kulihitaji fundi. Benki na maduka zililipa. Mwalimu mwenye kurasa chache za tenzi hakuona sababu, na hakuna aliyemlaumu.

Yaliyofumbua macho

Fikra hiyo ilivunjwa na matukio ya miaka michache. Oktoba 2010 mtaalamu Eric Butler alitoa programu ndogo iitwayo Firesheep. Aliyeitumia akiwa amekaa kwenye mkahawa wenye mtandao wa Wi-Fi usio na nenosiri aliweza kuingia katika akaunti za watu waliokaa meza za jirani, kwa kuwa tovuti kubwa za wakati ule zilifunga mlango wa kuingilia peke yake na kuacha vyumba vingine wazi. Butler hakuvumbua udhaifu mpya. Alifanya ule wa zamani uonekane kwa macho.

Miezi michache baadaye, vuguvugu la Tunisia likiwa limepamba moto, watumiaji wa Facebook na huduma za barua pepe nchini humo waligundua kuwa nywila zao zinaibwa. Kurasa za kuingilia zilikuwa zikiongezewa msimbo zikiwa njiani, ndani ya mtandao wa nchi yenyewe, na msimbo huo ulinakili kila nywila iliyoandikwa. Mwezi Januari 2011 Facebook iliwahamishia watumiaji wote wa Tunisia kwenye HTTPS. Hapa lipo jambo la kuzingatia. Ukurasa wa kuingilia hauna siri yoyote. Kila mtu duniani anauona. Madhara hayakutokana na ukurasa kusomwa njiani. Yalitokana na kubadilishwa.

Juni 2013 nyaraka za Edward Snowden zilionyesha ukubwa wa upekuzi uliofanywa na mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza juu ya mawasiliano ya dunia. Kisha Machi 2015 kurasa zisizo na kufuli zilizohusiana na kampuni ya Baidu ya China ziliingiziwa msimbo zikiwa njiani kuelekea kwa wasomaji wa nje. Vivinjari vya watu wasiojua lolote vikageuzwa silaha ya kuishambulia tovuti ya GitHub. Msomaji alifungua ukurasa wa kawaida, na pasipo habari akawa askari katika vita vya wengine.

Juni 2015 shirika la Wikimedia lilitangaza kuwa kamusi elezo zake zote, ya Kiswahili ikiwa mojawapo, zitasomwa kwa HTTPS tu. Faida ilikuwa kubwa: mwenye kuchungulia njiani angejua kuwa mtu anasoma Wikipedia, lakini asingejua anasoma makala ipi. Ila hakuna kinga isiyo na gharama. Mtawala asiyeweza tena kuzuia makala moja hulazimika kuchagua kati ya kuacha yote au kufunga yote. Uturuki ilichagua kufunga yote tangu Aprili 2017 hadi Januari 2020.

Cheti cha bure

Novemba 2014 watu wa Mozilla, wa shirika la kutetea haki za kidijitali EFF, na wa Chuo Kikuu cha Michigan pamoja na wenzao walitangaza mpango wa mamlaka mpya ya vyeti, Let's Encrypt. Mmoja wa waasisi wake alikuwa Peter Eckersley, Mwaustralia aliyefariki mwaka 2022. Huduma ilifunguliwa kwa umma Desemba 2015. Cheti kikawa cha bure, na kazi iliyohitaji fundi ikafanywa na programu. Programu hiyo huomba cheti, mamlaka huitaka seva iweke alama fulani mahali fulani ili kuthibitisha kuwa mwombaji ndiye mwenye jina la tovuti, na alama ikionekana cheti hutolewa. Vyeti hivyo viliwekewa muda mfupi, siku 90, ili kuhuisha kuwe kazi ya mashine na ufunguo ulioibwa usitumike kwa muda mrefu.

Hapo sababu ya zamani ya kutofunga iliondoka. Julai 2018 kivinjari cha Chrome kikaanza kuandika «si salama» kando ya kila anwani ya HTTP. Kwa miaka ishirini na ushei kufuli ndilo lililohitaji kutangazwa; sasa kinachotangazwa ni kukosekana kwake.

Amana ya neno

Turudi kwa mtunzi na swali lake. Mapokeo yetu ya tenzi yanajua vyema hatari ya neno kuharibika njiani. Tenzi zilinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, kutoka nakala hadi nakala, na kila mnakili aliweza kuruka ubeti au kuongeza wake. Ndiyo maana watunzi wengi walikuwa na desturi ya kutaja mwishoni jina lao, tarehe ya kukamilisha, na idadi ya beti. Tumeizoea desturi hiyo mpaka tunaiona kuwa ni pambo. Lakini idadi ya beti ni kipimo: anayepokea nakala huhesabu, na hesabu isipotimia hujua kuwa kuna kilichopotea. Jina ni saini. Vina na mizani navyo ni walinzi, kwani anayebadilisha neno kwa pupa huacha mshororo ukichechemea, na sikio lililozoea humkamata.

TLS inafanya kazi hiyo hiyo kwa hesabu. Kila kipande cha ukurasa kinachotumwa huambatana na alama iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo na ufunguo wa siri wa mazungumzo hayo. Herufi moja ikibadilishwa, alama hailingani, na kivinjari hukikataa kipande. Cheti kinachukua nafasi ya jina la mtunzi mwishoni mwa utendi: kinathibitisha kwamba seva inayozungumza ni ya jina lililoandikwa kwenye anwani. Kwa hiyo anayesema kuwa shairi lake halina siri amesema kweli, ila amejibu sehemu moja tu ya swali. Inabaki kumwuliza kama yuko radhi libadilishwe njiani, au lifike limezungukwa na matangazo asiyoyaweka yeye.

Na siri nayo, hata kwa shairi, si ya mtunzi peke yake. Shairi ni la hadhara, lakini kulisoma ni jambo la msomaji. Yupo anayesoma beti za kuomboleza kwa sababu amefiwa na hajamwambia mtu, na yupo anayesoma shairi linalomkosoa mkubwa wake. Mwenye ukurasa anapofunga njia, heshima anayoilinda ni ya mgeni wake.

Mipaka ya kufuli, na kuhama kwenyewe

Ni vyema pia kutolipa kufuli sifa lisizostahili. Jina la tovuti kwa kawaida bado linaonekana njiani, kama jina juu ya bahasha. Kilichofungwa ni barua. Mamlaka za vyeti nazo zinaweza kuvunjwa: mwaka 2011 wavamizi waliingia katika kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi wakatoa vyeti vya uongo, na watumiaji wengi wa Gmail nchini Iran wakachunguliwa kwa njia hiyo. Kampuni ilifilisika mwaka huo huo. Tena kufuli halisemi lolote juu ya tabia ya mwenye nyumba. Tapeli naye hupata cheti cha bure. Kwa sababu watu wengi waliiona picha ya kufuli wakadhani ni ushahidi wa uaminifu, Chrome iliiondoa mwaka 2023 na kuweka alama nyingine.

Anayehama basi ahame kikamilifu. Cheti kikishawekwa, anwani zote za zamani zielekezwe kwenye mpya, ili viungo vilivyotawanyika duniani visife. Picha na sauti zilizokuwa zikiitwa kwa HTTP ziandikwe upya kwa HTTPS, kwani ukurasa uliofungwa unaoita picha kwa njia iliyo wazi ni nyumba yenye mlango wa chuma na dirisha la makuti. Mwisho, seva iagizwe iviambie vivinjari visirudi tena kwenye HTTP, maana tangu mwaka 2009 mtafiti Moxie Marlinspike alionyesha jinsi mvamizi anavyoweza kumrudisha msomaji kwenye njia ya wazi bila yeye kutambua.

Kazi yote hiyo, kwa ukurasa mdogo, mara nyingi haizidi mchana mmoja. Wanakili wa tenzi walitumia siku nyingi kuhesabu beti ili neno la mwenziwao lifike lilivyotungwa. Sisi tumepata mashine ya kutuhesabia, na haituombi hata senti.